Mji Wetu Upate Wapi Fedha?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Mambo ya Mji mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, na ninyi nyote wanachama wa Chama chetu cha Ustawi,

Katika mkutano wa mwaka uliopita mlituchagua sisi watatu, makarani watupu wala si mabingwa wa uchumi, mkatuagiza tuchunguze jambo moja tu: mji wetu wa Voi upate wapi fedha za kujiendesha, mbali na zile zinazoletwa kutoka Nairobi. Siku ile mlikuwa mmezungumza sana habari za mifereji, za taa na za takataka, kila mmoja akiuliza kwa nini hiki hakifanywi na kile hakifanywi, na jibu likawa lile ambalo kila mji mdogo wa nchi hii hulitoa, kwamba fedha hazipo. Ndipo mzee mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Basi na zitafutwe." Tumekwenda kuzitafuta, na leo twawaletea habari.

Twapenda kusema mapema kwamba baadhi ya maneno yetu hayatawapendeza wote, na hasa wale wenye viwanja, ambao ni wengi katika ukumbi huu. Mmoja wetu ni mwenye kiwanja pia, kwa hiyo msidhani kwamba twawasema watu wengine.

Kabla hatujafika kwenye mapato mapya, hatuna budi kurudi nyuma kidogo, maana wazee wetu wamepata kuona mapato mengi mapya, yakaja na yakaenda. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1901, ikalipwa kwa rupia, na fedha ile haikuwa mali ya mji wala ya wilaya. Ilikuwa ya Serikali. Mabaraza ya wenyeji yalipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1924, ndipo babu zetu walipopata ruhusa ya kujitoza wenyewe kidogo kidogo juu ya ile kodi ya Serikali, wakajenga shule, zahanati na njia. Mwaka 1950 sheria nyingine ikayapa mabaraza yale nguvu zaidi, yakaitwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Baada ya uhuru mabaraza yakategemea kodi ya kichwa iliyotozwa kwa viwango kulingana na mapato ya mtu, ile ambayo wengi mwaikumbuka kwa herufi zake tatu, GPT. Mwajua yaliyotokea. Watoto waliotaka kusoma waliongezeka kupita kiasi, mishahara ya walimu ikayashinda mabaraza ya wilaya, na watu wakaona ni wepesi zaidi kumkwepa mtoza kodi kuliko kumlipa. Kwa sheria ya mwaka 1969 Serikali ikayanyang'anya mabaraza yale shule, matibabu na barabara, na kodi yenyewe ikafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Halafu ukaja ushuru wa huduma, uliotungiwa sheria mwaka 1988, ukakatwa katika mishahara na katika biashara, nao ukafutwa baada ya miaka kama kumi. Badala yake ikaja hazina ya mgawo kwa mabaraza, iliyotungiwa sheria mwaka 1998, ambayo ilichukua asilimia 5 ya kodi ya mapato ya nchi nzima na kuyagawia mabaraza yote. Hiyo nayo ilikwisha pamoja na mabaraza yenyewe mwaka 2013, kaunti 47 zilipoanza kazi.

Tumewachosha na historia kwa sababu moja. Kila mojawapo ya mapato hayo ilitolewa na mkono wa mbali, na mkono ule ule ndio ulioiondoa. Miji haikuulizwa wakati wa kupewa, wala haikuulizwa wakati wa kunyang'anywa. Na leo tukiangalia fedha za kaunti zetu, twaona kwamba sehemu kubwa bado hutoka katika mgawo wa taifa, ambao Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 203, yasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya nchi. Mgawo ule ni haki yetu, wala hatusemi ukataliwe. Lakini ukichelewa mwezi mmoja, mwenye kufagia soko hukaa mwezi mmoja bila mshahara, na hakuna mtu katika mji huu awezaye kuuharakisha.

Sasa tuje kwenye mapendekezo mliyotupa. Tuliyaandika yote katika daftari, tukayapima moja moja kwa sheria na kwa akili.

Pendekezo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la malori. Wengi walisema: Mungu ametuweka juu ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, na hapa hapa ndipo inapochipuka njia ya kwenda Taveta na Tanzania, malori hupita usiku na mchana, basi kila lori na lilipe kidogo kwa kupita. Ni fikira nzuri, lakini sheria yaikataa. Kifungu cha 209 cha Katiba chaipa kaunti kodi mbili kwa majina, yaani kodi ya mali isiyohamishika na kodi ya burudani, pamoja na kodi nyingine yoyote ambayo Bunge litairuhusu kwa sheria. Chairuhusu pia kutoza malipo kwa huduma inayotolewa. Kisha chakataza kaunti kutumia uwezo huo kwa namna inayozuia biashara kuvuka mipaka au bidhaa kusafiri nchini. Lori linalopita tu halikupata huduma yoyote kwetu isipokuwa vumbi, na vumbi lenyewe ni lake. Tukiweka kizuizi barabarani tutakuwa tunatenda kama wale waliokuwa wakitoza hongo misafara ya zamani, na mahakama itakiondoa upesi.

Hata hivyo, lori linalosimama ni jambo lingine. Dereva atokaye bandarini huhitaji mahali pa kulala, pa kuoga, pa kula na pa kuliacha gari lake bila kuibiwa mafuta wala matairi. Mji ukitenga uwanja, ukaweka ukuta, taa, maji, vyoo na mlinzi, una haki ya kutoza malipo kwa kila usiku, kwa maana hiyo ni huduma. Tumewauliza madereva kadhaa, nao walisema watalipa ikiwa uwanja una ulinzi wa kweli. Ikiwa ni uwanja mtupu wenye kamba mlangoni, watasimama kando ya barabara kama siku zote. Twapenda pendekezo hili, lakini kwa tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba uwanja huo wahitaji mtaji mkubwa kabla haujaleta senti moja. Ya pili tumeiona kwa macho yetu wenyewe. Treni mpya ya abiria ilianza mwaka 2017, na mwaka uliofuata makasha ya mizigo ya bandarini yakaelekezwa kwa amri kwenye reli hiyo. Miji yote ya barabarani, toka Mariakani hata Mtito Andei, ikaona gereji na hoteli zikipoa. Mwaka 2022 amri ikabadilishwa, na malori yakarudi. Mji utakaoweka bajeti yake yote juu ya matairi ya malori utalala ukisikiliza matangazo ya Nairobi kila usiku.

Pendekezo la pili lilikuwa la mbuga. Hapa twaomba tuseme polepole, maana ni jambo linalowauma wazee wetu. Mbuga ya Taifa ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, nayo imeizunguka nchi yetu kama bahari inavyokizunguka kisiwa. Lango la Voi la Tsavo Mashariki liko karibu sana na mji. Wageni hushuka katika stesheni yetu, hupita mbele ya maduka yetu, kisha huingia langoni na kulipa kiingilio chao kwa shirika la taifa linalohifadhi wanyama. Tembo nao hutoka langoni bila kulipa kiingilio, wakaingia mashambani mwetu. Mwajua kwamba Maasai Mara si hivyo: tangu mwaka 1961 pori lile liliwekwa chini ya baraza la Narok, na leo mapato yake ni ya kaunti yake. Tofauti haiko katika wanyama; imo katika kalamu iliyoandika "mbuga ya taifa" mahali pamoja na "hifadhi ya baraza" mahali pengine.

Je, tuache kudai? La. Madai ya kugawiwa sehemu ya kiingilio cha Tsavo ni ya haki, na wabunge wetu wayapeleke mbele. Lakini sisi tulitumwa kutafuta fedha za mifereji ya mji, na mtoto mwenye homa hangoji kesi ya shamba iishe. Hatukuandika shilingi hata moja ya Tsavo katika hesabu yetu. Tuliloandika ni dogo zaidi: wageni wale husimama mjini nusu saa wakitafuta maji ya kunywa, choo safi na kitu cha kuwapelekea watu wao. Choo kimoja kizuri karibu na stesheni, kikikodishwa kwa kikundi cha vijana kwa mkataba wa maandishi, na vibanda vichache vya ususi wa vikapu, vitalipa kodi ya pango mwezi hata mwezi. Msicheke kwa kuwa ni choo. Miji mikubwa kuliko huu wetu hupata fedha huko.

Pendekezo la tatu, la kuongeza leseni za pombe, halikutupendeza, ingawa sheria yaruhusu, kwa kuwa leseni hizo ni kazi ya kaunti. Ni hila ya zamani sana. Mji wa Durban, katika Afrika Kusini, ulianza mwaka 1909 kuuza pombe ya kienyeji katika majumba yake wenyewe, bila kumruhusu mtu mwingine kuuza, na faida ikatumiwa kuwasimamia na kuwajengea Waafrika walioinywa. Nairobi nayo ikaiga katika miaka ya 1920, huko Pumwani. Yaani mfanyakazi alijijengea ukumbi kwa kulewa. Leseni zilizopo na zilipwe sawasawa, lakini mji unaotamani watu wake wanywe zaidi ili mifereji izibuliwe umekwisha kupotea njia.

Sasa soko, na hapa ndipo moyo wetu ulipokaa muda mrefu.

Ushuru wa soko ndio mapato ambayo watu wote huyajua, kwa kuwa mtoza ushuru huonekana kila siku. Kila asubuhi mama mwenye nyanya, mwenye mboga, mwenye dagaa, hulipa kabla hajauza. Ni mapato ya haki, kwa maana soko lafagiwa na lina paa. Lakini mapato hayo yana mdudu ndani yake. Mmoja wetu aliwahi kuwa karani wa hesabu katika mji mwingine ambao hatutautaja. Siku moja ya soko, baada ya mvua kubwa, alikwenda sokoni kununua muhogo, akamwona mtoza ushuru akipokea fedha kwa mkono wa kulia huku kitabu cha risiti kimo mfukoni. Akamwuliza yule mama, "Risiti yako iko wapi?" Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nikiomba risiti hulipa thelathini. Nisipoomba hulipa ishirini." Jioni karani yule aliketi mezani kwake akajumlisha vitabu, na kila hesabu ikalingana kwa senti. Vitabu vilikuwa safi kabisa. Kumi alizobakiza mama zilikuwa zake, ishirini zilikuwa za mtoza ushuru, na mji haukupata kitu. Aliandika barua kwa mkubwa wake. Mtoza ushuru akahamishiwa kwenye stendi ya mabasi, ambako fedha ni nyingi zaidi.

Twawasimulia haya kwa sababu watu wengi hudhani kwamba njia ya kuongeza mapato ni kuongeza ushuru. Ukipandisha ushuru kutoka thelathini hata hamsini mahali penye mtoza ushuru wa namna ile, hukuongeza mapato ya mji. Umeongeza tu bei ya kukosa risiti. Kwa hiyo pendekezo letu juu ya soko si kupandisha. Fedha za simu zilianza katika nchi yetu mwaka 2007, na leo mama wa nyanya huuza kwa simu bila kufundishwa na mtu. Ushuru wake na uende moja kwa moja katika hesabu ya mji kwa simu, usipite katika mkono wa mtu. Na kila mwisho wa mwezi karatasi moja ibandikwe katika ukuta wa soko, kwa herufi kubwa: soko lilitoa kiasi hiki, na lilifanyiwa hiki. Tukikosa karatasi ile, hata simu itakuwa mfuko mwingine tu wenye kitabu ndani.

Twasema jambo la karatasi kwa mkazo kwa ajili ya kifungu cha 207 cha Katiba, kinachoagiza mapato ya kaunti yaingie katika Hazina moja ya Mapato ya Kaunti. Fedha iliyotoka sokoni Voi yaweza kulipia kitu kizuri mahali pengine katika kaunti, na ndugu zetu wa huko ni watu kama sisi. Lakini mlipaji asiyeona kitu karibu naye huanza kutafuta njia ya kutolipa. Sheria ya Miji ya mwaka 2011 yaruhusu manispaa kuwa na bodi yake na kukabidhiwa kazi na kaunti. Bodi ikiomba kwa maandishi kwamba sehemu iliyotajwa ya mapato ya mji irudi mjini kupitia bajeti, na bunge la kaunti likaikubali, hapo tutakuwa na kitu cha kumwonyesha mama wa nyanya.

Sasa twaja kwenye viwanja, wazee wetu, nasi twawaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Kodi ya viwanja ndiyo kodi kubwa ambayo Katiba yenyewe imeitaja kwa jina kuwa ya kaunti. Haitegemei amri ya Nairobi juu ya makasha, wala mvua ya mahindi, wala kiu ya mlevi. Ardhi haihami usiku. Katika nchi yetu kodi hii, kwa desturi, hupimwa kwa thamani ya ardhi tupu, si kwa nyumba iliyo juu yake. Yaani mtu aliyejenga ghorofa na jirani yake aliyeacha vichaka vikae na nyoka, ikiwa viwanja vyao ni sawa, hulipa sawa. Desturi hii haimwadhibu mjenzi, bali humsukuma mwenye kichaka.

Tuchukue mfano, na huu ni mfano tu, si hesabu ya mji wetu. Kiwanja cha thamani ya shilingi 1,000,000 kikitozwa nusu ya asilimia moja, mwenyewe atalipa shilingi 5,000 kwa mwaka mzima. Hizo hazifiki shilingi 14 kwa siku. Mama wa nyanya akilipa shilingi 30 kwa siku, kwa siku 300 za soko, atakuwa amelipa shilingi 9,000. Tulipoiandika hesabu hii tuliirudia mara tatu, tukidhani tumekosea. Mwenye bakuli la nyanya alipa karibu mara mbili ya mwenye kiwanja cha milioni moja, naye mama hulipa kila siku kabla hajauza, ilhali sisi wenye viwanja hulipa tukikumbuka.

Na mara nyingi hatukumbuki. Tuseme kweli. Miji mingi ina orodha za thamani za viwanja zilizozeeka, kwa maana kufanya orodha mpya huhitaji wapimaji na fedha, tena huwaudhi watu wenye nguvu. Nairobi yenyewe ilitumia orodha ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa karibu miaka arobaini, hata ikawa kiwango cha kodi ni asilimia 34 ya thamani ile ya kale, asilimia ya kumtisha mtu asiyejua kwamba thamani yenyewe ilikuwa ya zamani za redio za betri. Orodha mpya ilipotengenezwa, kiwango kilishuka chini ya asilimia moja, lakini cha thamani ya leo. Mwaka 2024 Bunge lilitunga Sheria ya Taifa ya kodi hii badala ya zile sheria mbili za zamani, kwa hiyo hakuna tena udhuru wa kusema kwamba sheria ni ya kikoloni.

Tena pana desturi ya misamaha. Mara kwa mara hutangazwa katika kaunti nyingi kwamba mwenye deni akilipa kabla ya tarehe fulani, riba yote itafutwa. Fedha huingia kweli wiki zile, na magazeti husifu. Lakini kila msamaha humfundisha mlipaji mwema kwamba alikuwa mjinga, na humfundisha mwenye deni kungoja msamaha ujao. Twaomba kwamba ukitolewa tena, uwe kwa wajane, kwa wazee wasio na kipato na kwa wenye shida ya kweli, si kwa kila mwenye ghorofa.

Twajua mtakalotujibu. Mtasema, "Twalipeje kodi ya kiwanja ambacho hatuna hati yake?" Jibu hili lina uzito mkubwa katika Voi kuliko mahali pengine. Mji huu ulikua katikati ya ardhi ya reli, ya mkonge na ya Serikali, na watu wetu wengi walijenga mahali ambapo karatasi haikuwafuata. Wazee watakumbuka kazi iliyofanywa katika mtaa wa Tanzania-Bondeni katika miaka ya 1990, katika mradi wa maendeleo ya miji midogo uliosaidiwa na Wajerumani. Wakazi wenyewe walijadiliana muda mrefu, kisha wakachagua kwamba ardhi iwe ya umoja wao wote na nyumba iwe ya mtu binafsi, ili maskini asije akauza kiwanja chake kwa tajiri siku ya shida na kurudi tena kujenga kibanda kando ya mto. Watu walikuja kutoka mbali kujifunza kwetu. Hatusemi mambo yote yalikwenda kama yalivyochorwa. Twasema kwamba watu wa mji huu waliwahi kuketi pamoja wakaamua habari ya ardhi yao. Kwa hiyo twapendekeza kwamba hati na kodi viende pamoja: mtaa utakaopimwa na kupewa karatasi uingizwe katika orodha, kwa kiwango kidogo, na usioandikiwa hati usitozwe.

Pana mdaiwa mwingine, naye ni mkubwa kuliko sisi sote. Serikali haitozwi kodi ya viwanja kama mtu binafsi, lakini desturi ya sheria ilikuwa itoe mchango badala ya kodi hiyo kwa ardhi yake iliyomo mijini. Hebu hesabuni ardhi ya umma iliyomo na iliyouzunguka mji huu: reli ya zamani, reli mpya, ofisi, nyumba za maofisa. Kamati yetu yaomba bodi ya manispaa iandike orodha ya ardhi hiyo, kipande kwa kipande, na madai yapelekwe kwa barua kila mwaka, hata kama hayajibiwi. Dai lisiloandikwa hufa pamoja na karani wake, nasi makarani twalijua hilo.

Mbao za matangazo kando ya barabara kuu tulizitazama pia, tukaona kwamba nyingi zimesimama katika hifadhi ya barabara ambayo ni ya mamlaka ya taifa. Zilizo juu ya viwanja vya mjini tu ndizo zetu. Machinjio na ada ya takataka tumeyaandika katika taarifa ndefu iliyo kwa Katibu, na mwenye hamu aisome.

Imebaki habari moja, nasi tulishauriana usiku kucha kama tuiseme. Tulipokuwa tukiuliza juu ya madeni ya viwanja, tuliomba kuonyeshwa hesabu ya kiwanja cha Chama chetu, hiki tulichokikalia sasa. Kina deni la miaka sita. Hakuna aliyeiba, fedha zilitumika kwa mazishi, kwa karo za yatima na kwa kuezeka paa baada ya upepo, mambo mema yote, na kila mwaka kodi ikaachwa kwa mwaka unaofuata. Ilani zilikuja, zikawekwa katika jalada. Mmoja wetu ndiye aliyeziweka.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, hatukuweza kwenda mbele ya bodi ya manispaa na kusema habari za mama wa nyanya huku sisi wenyewe tumeketi juu ya deni. Kamati yaomba mkutano huu upitishe mambo mawili leo kabla ya chakula. La kwanza, kwamba deni la kiwanja hiki lilipwe kwa mafungu manne, fungu la kwanza likitoka katika fedha za sherehe ya mwaka huu, ambayo itakuwa ya chai na mandazi bila nyama. La pili, kwamba kila mwanachama mwenye kiwanja mjini aandike jina lake na namba ya kiwanja chake katika daftari lililo mezani kwa Mhazini, pamoja na mwaka aliolipa mara ya mwisho. Majina yetu sisi watatu yameandikwa tayari katika ukurasa wa kwanza, na mmoja wetu, kama mtakavyoona, mwaka wake si wa kujivunia. Kalamu iko juu ya daftari.